Mwongozo Kamili: Kugeuza Ghala la Zamani la Mwanza Kuwa Ofisi Isiyokula Umeme

Reli kutoka Tabora ilifika Mwanza mwaka 1928, na tangu hapo pamba ya Usukuma ilipata njia ya moja kwa moja kuelekea bandari ya Dar es Salaam. Mwaka 1955 vyama vya ushirika vya wakulima wa pamba viliungana kuunda Victoria Federation of Co-operative Unions, ambayo Paul Bomani alikuwa miongoni mwa viongozi wake wakuu, na maghala ya pamba, mbegu na pembejeo yakawa sehemu ya sura ya mji. Baadaye biashara ya sangara ilileta maghala mengine karibu na maji. Leo baadhi ya majengo hayo yako matupu au yanatumika nusu, huku kampuni, mashirika na vijana wa teknolojia wakilipa kodi kubwa katika majengo ya vioo ambayo kiyoyozi kikizimika saa saba mchana hakuna anayeweza kukaa ndani.

Ghala la zamani lina mambo matatu ambayo jengo jipya hulazimika kuyagharimia: kimo kirefu, kuta nene na sakafu ya zege iliyolala moja kwa moja juu ya ardhi. Lina pia kasoro moja kubwa, nayo ni paa la bati tupu. Mwongozo huu umejengwa juu ya mpangilio mmoja ambao ningependa msomaji aushike kabla hajazungumza na fundi yeyote: kwanza zuia joto lisiingie, kisha lipe joto lililoingia njia ya kutoka, na mwisho kabisa ndipo ununue mashine. Anayeanza na mashine hununua viyoyozi vingi, kisha jenereta kubwa ya kuviendesha, kisha mafuta ya jenereta, na joto la paa linabaki palepale.

Hatua ya kwanza: karatasi kabla ya nyundo

Angalia hati ya kiwanja imeandikwa matumizi gani. Kiwanja kilichopimwa kwa ajili ya ghala au kiwanda hakigeuki kuwa cha ofisi kwa sababu tu umepaka rangi; ombi la kubadili matumizi hupitia mamlaka ya upangaji chini ya Sheria ya Mipango Miji ya mwaka 2007, yaani Halmashauri ya Jiji la Mwanza au Manispaa ya Ilemela, kutegemea jengo liko upande gani. Kibali cha ujenzi huombwa hukohuko, kwa michoro iliyoandaliwa na wataalamu waliosajiliwa. Jeshi la Zimamoto na Uokoaji litataka kuona njia za kutokea, na Wakala wa Usalama na Afya Mahali pa Kazi, yaani OSHA, utahitaji kusajili mahali pa kazi.

Kama jengo liko ufukweni, pima umbali wake kutoka majini. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inalinda ukanda wa mita 60 kutoka ukingo wa ziwa, hivyo waulize NEMC, wasimamizi wa mazingira wa taifa, mapema, kabla hujatia saini mkataba wa pango. Tena angalia ukutani. Mwezi Mei 2020 maji ya Ziwa Victoria yalipanda kufikia kiwango cha juu kuliko vyote vilivyokuwa vimerekodiwa hadi wakati huo, na majengo ya ufukweni yaliyofikiwa na maji mara nyingi bado yana mstari wa uchafu au plasta iliyovimba. Waulize majirani maji yalifika wapi mwaka ule, kisha weka soketi, betri na swichi kuu juu ya mstari huo.

Hatua ya pili: pima joto kabla hujalipiga vita

Nunua vipimajoto vitatu vya bei nafuu. Kimoja kining'inize sentimita chache chini ya bati, cha pili kiweke kwenye kimo cha meza katikati ya ghala, cha tatu nje, kivulini, mbali na ukuta. Andika vipimo vya saa tatu asubuhi, saa nane mchana na saa kumi na moja jioni kwa wiki nzima, ikiwezekana Septemba au Oktoba kabla mvua za vuli hazijakaza. Daftari hilo litakusaidia kuliko maelezo ya muuzaji yeyote. Ikiwa kipimajoto cha mezani kinasoma karibu sawa na cha nje huku cha chini ya bati kikiwa kimepanda sana, basi kuta zako ni nzuri na adui ni paa peke yake. Ikiwa jioni cha mezani kinaendelea kupanda wakati cha nje kinashuka, joto limehifadhiwa ndani na halina pa kutokea, na hapo tatizo lako la pili ni hewa.

Katika wiki hiyohiyo funga vipande vyembamba vya kitambaa chepesi, hata kanga iliyochakaa, kwenye kila tundu na dirisha, kisha uangalie vinapepea kuelekea wapi asubuhi, mchana na usiku. Mwanza imekaa upande wa mashariki wa ghuba, na kwa kawaida mchana upepo hutoka ziwani ukielekea nchi kavu, usiku ukageuka. Lakini milima ya mawe na majengo jirani huupinda upepo huo, kiasi kwamba maghala mawili yaliyo kwenye barabara moja yanaweza kupata hewa tofauti kabisa. Usichore dirisha lolote kabla hujajua vitambaa vyako vinasema nini.

Sakafu nayo ipimwe. Bandika kipande cha nailoni cha nusu mita kwa nusu mita juu ya zege, ukizibe kingo zote kwa gundi ya utepe, ukiache hadi kesho yake. Ukikifunua na kukuta matone chini yake au zege limebadilika rangi, unyevu unapanda kutoka ardhini na vigae au mazulia yatabanduka. Sakafu ikiwa kavu, ing'arishe tu na kuiacha wazi, kwa sababu zege linalogusa ardhi hufyonza joto la chumba mchana kutwa bila kudai uniti hata moja. Kuifunika kwa zulia ni kujinyima msaada huo.

Hatua ya tatu: yale yanayoweza kudhuru watu

Hapa sitaki mtu yeyote aharakishe. Paa la zamani la rangi ya kijivu, zito, lenye mawimbi mapana, lisilonaswa na sumaku, linaweza kuwa la asbesto. Karatasi nzima isiyoguswa haitoi vumbi jingi; hatari huanza pale fundi anapoikata, kuitoboa, kuipiga msasa au kuivunja ili ishuke haraka. Nyuzi zake hazionekani kwa macho, huingia mapafuni na kubaki humo, na saratani zinazosababishwa nazo huweza kujitokeza baada ya miaka 20 au zaidi, wakati fundi ameshasahau alifanya kazi wapi. Jicho haliwezi kuthibitisha. Kipande kidogo hupimwa maabara. Ikithibitika, kazi ya kuondoa ifanywe na watu wenye vifaa na idhini, karatasi zikiwa zimeloweshwa na kuteremshwa nzimanzima, na zitupwe pale mamlaka za mazingira zitakapoelekeza. Msiwape majirani wakaezekee mabanda ya kuku.

Ghala lililowahi kuhifadhi dawa za pamba lina hatari yake. Harufu kali isiyoondoka, madoa ya mafuta sakafuni na vipande vya magunia ya zamani ni dalili za kutosha kukufanya upeleke sampuli za vumbi na zege kwa Mkemia Mkuu wa Serikali, ambaye ana ofisi ya Kanda ya Ziwa hapa Mwanza. Ghala la kayabo, yaani samaki waliokaushwa kwa chumvi, lina chumvi. Maji ya ziwa letu hayana chumvi, na ndiyo maana bati hudumu hapa kuliko pwani, lakini samaki wa chumvi waliolundikwa kwa miaka huacha chumvi ndani ya plasta na zege, nayo hula nondo polepole. Gonga kuta kwa nyundo ndogo. Panapolia utupu, plasta ibomolewe hadi kwenye tofali, isafishwe na kupigwa upya.

Hatua ya nne: amua ni sehemu ipi hasa itakuwa ofisi

Kosa linaloongeza gharama kuliko mengine ni kutaka kulifanya ghala zima kuwa ofisi moja. Tuseme ghala lina mita za mraba 600 na watu 20 wa kufanya kazi ndani yake. Watu hao, pamoja na vyumba vya mikutano, wanatosha vizuri katika mita za mraba 200. Zilizobaki zinaweza kuwa kumbi zenye kivuli: mapokezi, mahali pa kula, maegesho ya pikipiki na baiskeli, stoo na eneo la mafunzo ambalo linahitaji feni tu. Kwa mpangilio huo paa kubwa linakuwa mwavuli, na vyumba vinavyohitaji utulivu wa joto vinajengwa chini yake vikiwa na kuta na dari zao wenyewe. Unaweka kinga ya joto na kiyoyozi pale tu panapohitajika, na ukumbi unaozunguka unapunguza makali ya jua kabla hayajafika kwenye kuta za ndani.

Usikubali kushawishiwa kushusha dari ya jipsam ghala zima hadi mita 2.7 ili lifanane na ofisi za mjini. Kimo ni mali. Hewa ya moto hupanda juu ya vichwa vya watu, na ukiipa tundu la kutokea huko juu, inavuta hewa baridi kuingia kutoka chini.

Hatua ya tano: paa

Bati lililochakaa linalopigwa na jua la mchana wa Mwanza hufika nyuzi 60 za Selsiasi au zaidi. Chumba kilicho chini yake hakipati joto kwa hewa peke yake; bati lenyewe linamulika joto kuelekea chini, na ndiyo sababu mtu huhisi kichwa kinawaka hata kama kipimajoto hakijafika mbali. Sisi tuko karibu nyuzi 2.5 kusini mwa ikweta, jua linapita utosini katikati ya Machi na tena mwishoni mwa Septemba, na mwaka mzima halitoki mbali na utosi. Paa ndilo linalopokea mzigo mkubwa kuliko kuta zote. Kama bajeti yako inatosha kufanya jambo moja tu, fanya paa.

Anza na kenchi na papi. Mbao zikaguliwe mchwa kwa kuchomwa na bisibisi, hasa pale zinapokaa juu ya ukuta. Za chuma zikaguliwe kutu kwenye maungio. Mhandisi aseme zinabeba nini, kwa kuwa utaziongezea dari, kinga ya joto na baadaye paneli za sola. Mabati yaliyooza yabadilishwe, misumari iliyolegea ibadilishwe kwa skrubu zenye mipira, kisha bati zima lisuguliwe kutu, lipakwe rangi ya kwanza ya kuzuia kutu, na juu yake rangi nyeupe ya kuakisi jua. Weupe huo pekee hushusha joto la bati kwa kiwango ambacho utakihisi siku ileile, ingawa vumbi huupunguza na unapaswa kuoshwa kila mwaka mwezi Agosti.

Ndani, weka kinga ya joto. Watu wengi hununua karatasi inayong'aa ya alumini na kuigandisha chini ya bati, ikigusana nalo, halafu wanalalamika kwamba haifanyi kazi. Hawakosei kulalamika, kwa sababu karatasi hiyo huzuia mmuliko wa joto tu, na ili ifanye hivyo lazima upande wake unaong'aa uangalie nafasi ya hewa ya angalau sentimita 2.5. Ikigusa bati, joto linapita ndani yake kwa mgusano kana kwamba haipo. Itandaze chini ya papi, upande unaong'aa ukitazama nafasi iliyo wazi, na ikiwezekana utazame chini, maana upande unaotazama juu hushika vumbi na kupoteza kazi yake.

Juu ya dari za vyumba vya ofisi tandaza magodoro ya sufu ya kioo au sufu ya mwamba yenye unene wa milimita 100. Hesabu yake ni rahisi. Sufu ya namna hiyo hupitisha joto kiasi cha wati 0.04 kwa mita kwa kila nyuzi moja, hivyo milimita 100 hutoa ukinzani wa 2.5. Bati likiwa nyuzi 60 na chumba nyuzi 28, tofauti ni 32. Gawanya kwa 2.5 upate karibu wati 13 kwa kila mita ya mraba, au kilowati 2.6 kwa ofisi nzima ya mita za mraba 200. Bila kinga yoyote joto hilo huzidi mara kumi, na kuliondoa kwahitaji safu ya viyoyozi ukutani. Kuna faida nyingine ambayo wenye ofisi za bati wataielewa haraka: mvua ya masika ikishuka, mkutano unaendelea bila mtu kupaza sauti.

Epuka mabamba ya povu la plastiki yaliyo mepesi na rahisi kushika moto, hata kama bei yake inavutia. Mafundi wavae barakoa, glavu na mikono mirefu, kwa kuwa sufu ya kioo huwasha ngozi na koo.

Mwisho wa kazi ya paa ni kofia. Badala ya kuizibia kabisa, inua kofia ya bati sentimita 15 hadi 20 juu ya kilele, ukiacha pande mbili wazi zenye wavu wa chuma wa kuzuia popo na ndege, na kingo za kutosha kuzuia mvua ya upepo. Joto lililonaswa kati ya bati na dari litatokea hapo.

Hatua ya sita: upepo na jua vinapotoka upande mmoja

Hapa Mwanza mbunifu hukutana na mgongano ambao vitabu vya nchi nyingine haviutatui. Upepo mzuri wa mchana unatoka ziwani, yaani magharibi, na jua kali la alasiri linatoka hukohuko. Ukifungua ukuta wa magharibi kwa vioo vikubwa ili upate mandhari na hewa, umelikaribisha jua. Ukiuziba, umeufukuza upepo.

Saa zetu zinaongeza ugumu. Saa za Afrika Mashariki zinahesabiwa kwa mstari wa nyuzi 45 mashariki, ilhali Mwanza iko karibu nyuzi 33, kwa hiyo jua linafika utosini karibu saa saba kasoro dakika kumi. Saa kumi na moja jioni, wafanyakazi wakiwa bado mezani, jua lina nyuzi kama 27 juu ya upeo wa macho na linaingia dirishani moja kwa moja. Kwa pembe hiyo, kukinga dirisha lenye kimo cha mita 1.5 kunahitaji paa la mbele la karibu mita 3. Hiyo ni baraza, na baraza ndiyo suluhisho ninalolipendelea: paa jepesi la mita 3 upande wa ziwa, sakafu ya zege, miti au mimea ya kutambaa kwenye nguzo, na madirisha ya ofisi yakiwa nyuma yake. Upepo unapita chini ya kivuli na kupoa kidogo, na wafanyakazi wanapata mahali pa kunywea chai. Pasipo nafasi ya baraza, tumia luva za wima zilizogeuzwa kuelekea kaskazini-magharibi au kusini-magharibi, kufuatana na upepo uliouona kwenye vitambaa.

Kuta za kaskazini na kusini ni rahisi zaidi. Ukingo wa mita 1 juu ya dirisha la mita 1.5 hukinga kioo chote kuanzia karibu saa nne asubuhi hadi karibu saa kumi kasoro alasiri, hata Juni ambapo jua limeegemea kaskazini. Weka madirisha yako makubwa huko.

Hewa iingie chini upande wa ziwa, kwenye kimo cha mtu aliyeketi, na itoke juu upande wa mashariki, kupitia matundu yasiyopungua ukubwa wa yale ya kuingilia. Hewa inayopita upande hadi upande hufika vizuri umbali wa karibu mara 5 ya kimo cha chumba, hivyo chumba cha mita 4 kwenda juu kinaweza kuwa na upana wa mita 20. Chumba chenye madirisha upande mmoja tu hufaidi nusu ya hapo. Wavu wa mbu ni wa lazima, na pia kwa ajili ya wale wadudu wadogo wanaotoka ziwani wakiwa wamefungamana kama moshi, lakini wavu hupunguza hewa sana, kwa hiyo ongeza ukubwa wa tundu badala ya kuukataa.

Usiku acha matundu ya juu wazi, yakiwa na nondo imara. Hewa ya usiku hapa hushuka hadi nyuzi 17 au 19, na kuta nene pamoja na sakafu huhifadhi ubaridi huo mpaka saa za mchana. Mlinzi apewe maelekezo ya kuyafungua saa mbili usiku na kuyafunga saa mbili asubuhi, na yaandikwe kwenye kitabu cha zamu. Kwa sababu hiyohiyo sishauri kuta za nje za mawe au tofali nene zifunikwe kwa mbao za ndani: utazizuia kufanya kazi yao.

Hatua ya saba: mwanga

Maghala mengi yana mabati ya plastiki yanayopitisha mwanga, na wenye nayo hudhani ni baraka. Juu ya meza ya kompyuta ni taa ya joto. Yaache juu ya kumbi na stoo. Juu ya ofisi yaondoe, uweke madirisha ya juu yanayotazama kusini au kaskazini. Mwanga wa dirisha hufika ndani kwa kina cha karibu mara mbili ya kimo cha ukingo wake wa juu, kwa hiyo dirisha la juu lina thamani kuliko dirisha pana. Dari na kuta zipakwe nyeupe.

Kwa usiku na siku za mawingu, taa za LED zenye jumla ya wati 6 kwa mita ya mraba zinatosha kutoa mwanga wa luksi 300 hadi 500 mezani, ikiwa zimepangwa vizuri. Swichi zigawanywe kwa safu zinazofuata madirisha, ili safu ya karibu na mwanga izimwe peke yake. Taa za nje ziwe chache na zimulike chini, maana wadudu wa ziwani huzifuata kwa wingi.

Hatua ya nane: feni kwanza, kiyoyozi pale tu

Feni haipoozi hewa, inampooza mtu. Hewa inayotembea karibu mita 1 kwa sekunde humfanya mtu ajisikie kama joto limeshuka nyuzi 2 hadi 3, na feni za dari za mota isiyo na brashi hutumia takriban wati 35, nusu ya zile za kawaida. Feni moja kwa kila mita za mraba 20 ni kipimo kizuri.

Kiyoyozi kiwekwe chumba cha mikutano, chumba cha seva, na labda chumba kimoja cha kazi za utulivu. Chumba cha mikutano cha mita za mraba 20 chenye kinga nzuri ya paa kinatosheka na BTU 12,000, cha aina ya inveta, kikiwekwa nyuzi 25 au 26 feni ikizunguka. Kabla ya kukisimika, funga milango na madirisha ya chumba hicho, washa ubani au kijiti cha udi, upitishe taratibu kandokando ya fremu. Moshi ukivutwa ghafla au kurudishwa ndani, hapo ndipo baridi uliyoinunua itapita. Ziba kwa mpira wa mlango na silikoni. Mashine ya nje ikae kivulini penye hewa, isibanwe ukutani upande wa magharibi.

Hatua ya tisa: umeme wa jua, ethi na radi

Sasa ndipo unapohesabu mzigo. Kwa ofisi yetu ya watu 20: taa kilowati 1.2 kwa saa 4 kwa siku ni uniti 4.8 (uniti moja ni kilowati moja kwa saa moja), kompyuta mpakato 20 za wati 50 kwa saa 8 ni uniti 8, feni 10 ni uniti 2.8, vifaa vya intaneti vinavyowaka mchana na usiku ni uniti 2.4, viyoyozi viwili kwa saa 5 ni kama uniti 7, friji na birika uniti 2. Jumla ni uniti 27 kwa siku. Linganisha na bei iliyo kwenye risiti yako ya LUKU upate gharama ya mwezi.

Kila kilowati moja ya paneli hapa huzalisha karibu uniti 4 kwa siku, hivyo kilowati 7, yaani paneli 13 za wati 550, zinakidhi mahitaji kwa siku ya kawaida. Zitachukua takriban mita za mraba 34 na kuongeza kilo 12 hadi 15 kwa kila mita ya mraba kwenye kenchi. Zielekezwe kaskazini kwa mwinamo wa nyuzi 10, ambao unatosha kufanya mvua izioshe, ingawa makorongo wanaotua juu ya mapaa ya mji huu huacha uchafu ambao mvua haiumalizi; ngazi ya kudumu na bomba la maji juu ya paa vitakufaa. Betri za lithiamu ziwekwe chumba chenye ubaridi na hewa, mbali na njia ya kutokea. Ukitaka kuunganisha mfumo na gridi, zungumza na TANESCO kabla ya kununua inveta.

Bonde la Ziwa Victoria ni miongoni mwa maeneo yenye radi nyingi duniani, na ardhi ya Mwanza imejaa mwamba wa matale. Mafundi wengi hupigilia chuma cha ethi, yaani cha kupeleka umeme ardhini, kikigonga mwamba kwa nusu mita hukikata na kuendelea. Ethi hiyo haipo. Mwamba mkavu haupitishi umeme vizuri, na radi itatafuta njia nyingine kupitia vifaa vyako. Dai kipimo kwa mashine, na kwa kinga ya radi usikubali zaidi ya omu 10. Pasipochimbika, zungusha utepe wa shaba kulizunguka jengo katika udongo wenye unyevu, uuunganishe na bati, kenchi za chuma na fremu za paneli. Weka vikinga mawimbi ya umeme upande wa paneli na upande wa swichi kuu.

Hatua ya kumi: maji

Mwanza hupata karibu milimita 1,000 za mvua kwa mwaka. Paa la mita za mraba 600, likipoteza sehemu ya tano, hukusanya kama lita 480,000. Weka mifereji, kifaa cha kumwaga mvua ya kwanza, na tenki lililoinuliwa ili vyoo na bustani vipate maji bila pampu. Maji ya kunywa yabaki yale ya MWAUWASA, mamlaka ya maji ya Mwanza.

Hatua ya kumi na moja: kuhamia na kuendelea kupima

Rudisha vile vipimajoto vitatu mahali pale pale, katika msimu uleule, na uandike kwa saa zilezile. Soma uniti kila Jumatatu asubuhi kabla watu hawajawasha chochote, na tena Ijumaa jioni. Uniti zinazoondoka kati ya Ijumaa jioni na Jumatatu asubuhi zisizidi zile za intaneti na friji. Zikizidi, kuna kiyoyozi au taa iliyoachwa, au mlinzi anatumia jiko la umeme, na ni vyema kumpatia jiko la gesi badala ya kumgombeza. Kila Februari, kabla ya masika, mtu apande juu aangalie skrubu za bati, wavu wa kofia, mifereji na rangi nyeupe, na kila Agosti rangi ioshwe na paneli zisuguliwe kwa maji na kitambaa laini, mapema asubuhi kabla vioo havijapata moto.